Kifurushi cha Bluu cha Molka

Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa mkaguzi wa mizani. Nilizunguka masoko ya Tunis na mawe yangu ya kupimia ndani ya sanduku la mbao, na wauza zeituni wakiniona tu mlangoni walianza kukohoa kupashana habari. Hawakunipenda, nami sikuwapenda, tukaelewana vizuri. Nilipostaafu, chama cha mbio za makasia kiliniomba nisimamie mizani yao kila panapokuwa na mashindano hapa ziwani. Nilikubali kwa sababu ambayo sikuwaambia. Nilitaka kujua ndani ya vile vifurushi mna nini.

Mashua ya wanne ina mtu wa tano asiyeshika kasia. Anakaa na kuwatazama wenzake usoni, anaongoza usukani, anahesabu mapigo ya makasia na kuwapigia kelele. Kila timu ingependa huyo wa tano awe mwepesi kama unyoya, maana wengine ndio wanaomvuta. Kwa hiyo sheria imeweka kilo hamsini na tano. Ukipungua, upungufu wako unaubeba kwenye kifurushi, unakipima kwangu asubuhi, na mkishika moja ya nafasi tatu za kwanza unakirudisha kwangu kabla ya kuvishwa medali. Mwili hatuurudii, kwa sababu mtu hutoka jasho na hunywa maji. Kifurushi ndicho kisichopaswa kupungua, wala kujazwa kitu ambacho hakikuwamo kwenye mbio.

Sheria inataka uzito tu. Ndani mna nini, si kazi yangu. Lakini ndivyo nilivyoumbwa, kitu kikifungwa mbele yangu silali vizuri. Basi nilikuwa nawauliza wote. Mgiriki mmoja alibeba changarawe za ufukweni kwao. Mturuki alikuwa na risasi za kuzamishia nyavu. Kijana mmoja kutoka Algeria alibeba tende, na wakati wa kungoja kuanza mbio njaa ikamshinda, akarudi kwangu na upungufu wa gramu mia mbili na kokwa tele mfukoni. Timu yake ilifutwa. Nilimwonea huruma, lakini nilimfuta.

Mwaka ule Kombe la Vijana la Bahari ya Kati lilifanyika kwetu, mwezi wa nane, jua likichoma mpaka bati la banda la mashua likawa linalia. Msichana wa timu yetu akaja kupimwa. Aliitwa Molka, miaka kumi na sita, mdogo wa umbo, mwenye sauti iliyomzidi mwili. Begani alikuwa na kifurushi cha dangirizi la bluu, kimeshonwa kwa mkono pande zote, na mkanda wa kukining'iniza.

"Humo mna nini, binti?"

"Kilo sita na gramu mia tatu, Shangazi Shedlia."

"Sikuuliza uzito. Uzito nauona mwenyewe."

"Basi umeshaona yote yanayotakiwa na sheria."

Nyuma yangu Mzee Mongi akaangua kicheko. Mongi ndiye fundi wa mashua wa klabu. Alikuwa ameketi juu ya kreti, akila mkate na harisa ya pilipili, na nyundo mapajani.

"Leo umekutana na wa kiwango chako, Shedlia," alisema. "Masoko yote yalikuogopa, katoto haka kamekufunga mdomo."

"Wewe kapigilie ule msumari uliochomoza pale gatini. Nimekwambia tangu juzi."

"Msumari haukimbii."

Nilikinyanyua kifurushi karibu na sikio, nikakitikisa. Kililia kama droo ya vijiko.

"Vijiko?"

"Hapana."

"Funguo?"

"Shangazi, watu wako kwenye foleni."

Niliandika: mwili 48.70, kifurushi 6.30. Jumla hamsini na tano kamili. Nikamwambia wenzake huongeza gramu hamsini au mia za tahadhari, maana huwezi kujua. Akatikisa kichwa. Kila gramu ya ziada, alisema, inavutwa na rafiki zake mita elfu mbili. Nilimpenda hapo hapo kwa jibu lile, ingawa sikumwonyesha.

Fainali ya wasichana ilianza saa tisa. Ukiwa kwenye mizani, mbio huzioni mpaka mita mia tano za mwisho, mashua zinapotokea nyuma ya mwinuko wa mchanga wanapolala heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu. Waitalia walitokea wa kwanza. Sisi tulikuwa wa pili, nyuma yao kwa urefu wa mashua nusu. Kisha nikaisikia sauti ya Molka kutoka majini, kali na bila haraka: "Kumi! Nipeni kumi! Moja! Mbili!" Yeye alipotaka nguvu za mwisho hakupiga mayowe kama wengine. Alihesabu makasia kumi, moja moja, na wale wasichana wanne wakavuta kana kwamba kila namba ni kamba. Kwenye saba tulikuwa sawa nao. Kwenye kumi pua yetu ilikuwa mbele.

Sitasahau zile kelele. Timu ya wasichana wa nchi yetu haikuwahi kuwa ya kwanza katika kombe hili, hata mara moja. Mongi alidondosha nyundo mguuni mwake na hakugundua.

Sasa, kuna desturi ambayo wapiga makasia wa dunia nzima wanaijua: washindi humtupa mshika usukani wao majini. Na kuna utaratibu wake, unaojulikana vilevile: kwanza mizani, halafu maji. Waitalia wanaujua, Wakroatia wanaujua, maana wamekua wakiona kaka na dada zao wakishinda. Wasichana wetu walijua kila kitu kuhusu mbio isipokuwa kitu kimoja. Hawakuwa na mazoea ya kushinda. Molka alishuka gatini, akatundika kifurushi begani ili aniletee, na kabla hajapiga hatua tatu wakamdaka, wawili miguuni na wawili mikononi.

"Mizani!" nilipaza sauti. "Mizani kwanza!"

Nani angenisikia? Moja, mbili, tatu, akaruka hewani na kifurushi chake. Niliiona bluu ile ikikwaruza ukingo wa gati, pale pale penye msumari wa Mongi, halafu maji yakafunga.

Molka aliibuka akicheka. Mkanda haukuwa begani. Alipapasa bega, akaacha kucheka, akazama tena. Aliporudi juu mkononi alikuwa na gunia tupu la bluu, limechanika kutoka pembe hadi pembe.

Bwana Vlatko, mwamuzi mkuu, alikuwa Mkroatia mrefu mwenye kofia nyeupe. Hakuwa mtu mbaya. Alitazama saa yake, akasema medali za mbio zote zitavishwa saa kumi na nusu. Kifurushi kikiwa mezani kwangu kabla ya hapo na uzito wake haujapungua, wasichana wa Tunisia ni mabingwa. Kisipokuwapo, Italia ndiyo ya kwanza. Tulikuwa na saa moja na robo.

Mwisho wa gati maji yanafika kifuani, lakini chini kuna tope la kufika magotini, jeusi na zito. Ukifungua macho humo huoni kitu. Inabidi utafute kwa vidole vya miguu. Molka na wenzake wanne waliruka wote. Mimi nilibaki nimesimama juu, daftari mkononi, na naona haya kusema, lakini pamoja na hofu yote udadisi wangu ulikuwa umesimama wima. Sasa nitajua, nilijiambia.

Wa kwanza kuinuka alikuwa mpiga kasia wa mbele, na kitu cha duara kinachotiririka tope. Alikisugua kwenye paja, kikang'aa kidogo. Ilikuwa medali ya shaba.

"Ya nani hiyo?" nikauliza.

Molka aliitazama mara moja tu. "Ya Habiba, yule mwenye duka la dawa. Mashua ya wawili, Bizerte." Ikatoka nyingine. "Hiyo ya mama yangu mkubwa. Fedha. Siku hiyo upepo uliwapindua mara mbili." Na nyingine. "Ya mwalimu Wassila. Aliolewa wiki iliyofuata, hakupanda mashua tena."

Nikaelewa. Alikuwa amezunguka mji mzima, mlango kwa mlango, kwa wanawake wote waliowahi kupiga kasia katika klabu ile na kwa wazee wachache waliowafundisha, akaomba medali zao. Walizitoa kwenye makabati na masanduku ya kushonea. Alizikata kamba, akazishona ndani ya dangirizi. Arobaini na moja. Fedha na shaba, hakuna hata moja ya dhahabu. Aliwaahidi kwamba yeye atakaa juu ya medali hizo zote mpaka dhahabu ipatikane.

"Kwa nini hukuniambia asubuhi?" nilimuuliza pale ukingoni.

"Ungelia, Shangazi. Halafu mizani ingelowa."

Mongi naye alikuwa ameshaingia majini na suruali yake. Hakuwa na mzaha tena. "Na yangu imo," aliniambia kwa sauti ya chini. "Ile ya zamani. Nafasi ya tatu."

"Kati ya mashua ngapi?"

"Tatu," alisema. "Lakini nilimaliza."

Mshika usukani wa Italia aliitwa Ottavia. Alikuwa amejifunika taulo, amekaa kwenye ngazi, akitazama. Hakuna aliyemwita. Kifurushi kisipopatikana, dhahabu ni yake, na kwa kukaa tu asingevunja sheria yoyote. Alimuuliza mwenzake jambo, akajibiwa, akalivua taulo na kuingia majini. Wenzake wakamfuata. Wakaja Wagiriki, wakaja Waturuki. Saa kumi kasoro kulikuwa na wasichana ishirini na zaidi pale, wameshikana mabega, wakikanyaga tope polepole kama watu wanaokamua zabibu, na kila medali ikitoka Molka anaita jina la mwenyewe na wote wanashangilia bila kuelewa hata neno moja.

Saa kumi na dakika ishirini zilikuwa arobaini. Iliyobaki ilikuwa ya Mongi, ndogo kuliko zote, nyepesi kama kifungo cha koti.

Gunia nilikuwa nimelianika juu ya bati, likakauka kama karatasi. Niliweka gunia, nikaweka medali zilizosuuzwa na kufutwa, moja baada ya nyingine. Bwana Vlatko alisimama kushoto kwangu na kalamu yake. Molka alisimama mbele. Mizani ikatulia: 6.26.

Gramu arobaini. Kuna watu wanaovaa pete nzito kuliko hapo.

"Dakika nane," alisema Vlatko. Naye uso haukuwa na raha.

Mongi alikuwa bado majini, anahema, amechutama mpaka maji yamemfika kidevuni. Ottavia naye alikuwamo. Halafu nikamwona Ottavia anatoka, anapita kwenye begi la timu yao, anainama kidogo, anakuja mbio na ngumi imefungwa. "Nimeipata!" alisema kwa Kifaransa chake cha kuokoteza. "Ilikuwa huku, chini ya gati!" Akaiweka juu ya lundo. Mizani ikapanda: 6.38.

Watu wakalipuka. Mongi alipiga maji kwa viganja vyote viwili. Vlatko akashusha pumzi na kufungua kifuniko cha kalamu, maana yeye alikuwa akiangalia kitu kimoja tu, kwamba namba haijashuka chini ya 6.30.

Mimi niliona mengine. Medali ile ilikuwa safi, hata kwenye tundu la kupitishia kamba hapakuwa na tope. Isitoshe, hesabu haikukaa. Tulipungukiwa na gramu arobaini, tukapata gramu mia moja na ishirini. Medali nyepesi kama kifungo haiwezi kufanya hivyo. Ilikuwa ya fedha, mpya, na nilikumbuka kwamba Ottavia alishinda fedha jana yake katika mashua nyingine.

Kwa miaka thelathini na moja niliwafungia watu maduka kwa kidole kilichogusa kisahani. Nilimnyang'anya leseni mjane mmoja kwa jiwe lililotobolewa chini, na usiku nikalala. Mdomo wangu ulikuwa haujui kunyamaza mbele ya mizani. Siku ile ulinyamaza. Niliwatazama wale wasichana wanne wamekumbatiana, nikamtazama yule Mwitalia aliyekuwa akiitoa dhahabu yake kwa mkono wake mwenyewe, nikajiambia, Shedlia, nani ameumia hapa? Mwenye mali ametoa kwa hiari. Acha. Mara hii moja tu, acha.

Nikainua macho kutoka kwenye mizani, yakakutana na ya Molka. Alikuwa ananitazama mimi, si medali. Nikayashusha.

Kelele ziliendelea. Vlatko aliweka karatasi sawa, akaandika tarehe.

"Si yetu," alisema Molka.

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini sauti yake ya kawaida husikika mita mia tano. Aliichukua ile medali ya fedha kutoka juu ya lundo, akaifuta kwa shati, akamrudishia Ottavia. Mizani ikarudi 6.26.

"Wewe mjinga?" Ottavia alimwambia, na macho yamemjaa maji. "Nimekupa mimi! Mlitushinda, nilikuwa pale, niliona!"

"Najua tuliwashinda," alisema Molka. "Hii ya Mzee Mongi bado iko chini."

Vlatko alinigeukia. Aliniuliza taratibu kama nilikuwa nimegundua. Ningeweza kusema macho yangu ni ya kizee. Nilisema, "Niligundua." Alitikisa kichwa, akaandika alichopaswa kuandika. Saa kumi na nusu wimbo wa Italia ulipigwa. Ottavia alisimama juu ya jukwaa, uso umevimba kwa kulia, na medali ya dhahabu aliivua kabla wimbo haujaisha.

Baadaye alikuja na zote mbili mkononi, ya dhahabu na ya fedha, akamwambia Molka achague. Molka alichukua ya fedha. "Ya dhahabu haiingii humu mpaka iwe yetu," alisema. "Lakini hii ina ndugu zake wengi."

Chama hakikunifukuza. Niliwapelekea funguo za chumba cha mizani mwenyewe, wakanirudishia, wakasema nani mwingine ataifanya kazi hiyo. Mongi aliupigilia ule msumari mpaka ukapotelea ndani ya mbao. Mimi nilianza kwenda gatini kila asubuhi kabla ya jua kupanda, nikafunga sketi kiunoni, nikaingia. Mwanamke wa miaka sitini na tatu, anakanyaga tope na kuzungumza peke yake. Watoto wa jirani waliniita mama heroe. Sikujali. Nilitaka kujua iko wapi.

Siku ya kumi na tisa kidole changu cha mguu kilipata ukingo wa duara. Niliipeleka nyumbani nikaipima kwenye mizani yangu ndogo: gramu thelathini na nane. Nyuma yake palichongwa mashua yenye makasia mawili tu, na mwaka uliofutika.

Nilimkuta Molka bandani, ameketi sakafuni na sindano, akikishona kifurushi upya kwa uzi maradufu. Hakupiga kelele alipoiona. Aliacha pembe moja wazi, akakisogeza kwangu.

"Itie mwenyewe, Shangazi."

Nikaingiza mkono. Zilikuwa baridi, na nzito kuliko nilivyodhani, ingawa uzito wake niliujua mpaka gramu ya mwisho. Niliiacha ya Mongi katikati ya nyingine, lakini mkono sikuutoa mara moja.

"Nikuulize kitu?" nilisema.

"Uliza. Lini hukuuliza?"

"Siku ile ulijuaje upesi vile kwamba siyo yenyewe?"

"Sikujua upesi." Alikata uzi kwa meno. "Niliona wewe umejua. Uso wako ulibadilika. Nikasema, sawa, Shangazi Shedlia ameona, sasa atasema, hii ndiyo kazi yake, yeye hajawahi kumwacha mtu. Nikakungoja."

Aliushika mkono wangu, akautoa taratibu ndani ya kifurushi ili apate kushona pembe iliyobaki.

"Nilikuhesabia makasia kumi," alisema. "Yote kumi, Shangazi. Ulipokuwa bado kimya, ndipo nikasema mimi."